Je, wajua? Blokucheni haizioni aina ulizoandika

Kijana wa Mombasa anayeandikia Solana, mtandao wa blokucheni, programu kwa lugha ya TypeScript anaweza kuamini hivi: ukishatangaza aina za data, yaani kwamba anayetuma ni mtia saini na kiasi ni namba nzima, basi mtandao nao utakagua agizo lako kwa aina hizo hizo. Haukagui. Haujui hata kama zilikuwapo.

TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, hufutwa aina zake zote inapogeuzwa kuwa JavaScript. Agizo linaloondoka lina mambo matatu tu: anwani ya programu itakayolitekeleza, orodha ya akaunti zinazohusika, na data, yaani baiti tupu.

Data ya kutuma SOL 1 (SOL ni sarafu ya Solana) ndiyo hii, yote: 2, 0, 0, 0, 0, 202, 154, 59, 0, 0, 0, 0. Baiti 4 za mwanzo ni namba 2, maana yake "hamisha". Nane zilizobaki ni lamport 1,000,000,000, yaani vipande vidogo vinavyounda SOL 1, zimepangwa kuanzia tarakimu ndogo. Neno "kiasi" halimo. Programu husoma kwa kuhesabu nafasi, basi.

Aina ni kama karani wa mizigo kwenye lango la bandari ya Kilindini. Karatasi zisipolingana, lori halipiti. Lakini meli ikishang'oa nanga, karani hubaki Mombasa. Huko ng'ambo watafungua kontena na kukuta kilichopakiwa, si alichokiamini yeye. Tena karani huyu huhongeka: andika `any`, yaani "aina yoyote", mahali pamoja, lango li wazi.

Hata hivyo kazi yake si ndogo. Ukitumia Kit, maktaba ya TypeScript ya Solana, agizo la kuhamisha SOL hutaka mtumaji awe mtia saini na mpokeaji awe anwani. Ukipachika anwani tupu mahali pa mtumaji, mstari mwekundu wa kosa hutokea kwenye kihariri chako kabla hujatuma chochote. Ila ukiandika SOL 10 badala ya 1, hakuna aina itakayokushtua. Mtandao wenyewe utakagua saini na salio, kisha utatii.

Haya ni ya Solana. Kwenye Ethereum, blokucheni nyingine, mambo yamepinda kidogo: baiti 4 za mwanzo za data hukatwa kutoka heshi (alama ya kidijitali inayokokotolewa) ya jina la kazi pamoja na aina za vigezo vyake, kwa hiyo `transfer(address,uint256)` huwa a9059cbb. Kule aina huacha nyayo, japo ni za mkataba wenyewe, yaani programu iliyo kwenye blokucheni, si za TypeScript yako.