Kujitawala si kujitenga: soma na aya ya sita

Wiki iliyopita, katikati ya mafunzo, mshiriki mmoja alisimama akakunjua karatasi iliyokuwa imekunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Ibara ya 1 ilikuwa imepigiwa mistari miwili ya wino mwekundu: watu wote wana haki ya kujiamulia mambo yao, na kwa haki hiyo huamua kwa hiari hadhi yao ya kisiasa. "Sasa mwalimu," akasema, "kama haki ni ya watu wote, kwa nini jamii ikitaka kujitenga inaitwa haini?"

Nimeulizwa hivyo mara zisizo na idadi, na kila mara ni mstari uleule uliopigiwa wino. Leo naandika jibu lote.

Kujiamulia ni haki. Kujitenga ni njia mojawapo ya kuitumia, tena ile ambayo sheria ya kimataifa huikubali kwa shida sana. Tunayachanganya kwa sababu neno "kujitawala" tunalitumia kote kuwili: kwa jimbo lenye bunge lake na kwa dola kamili. Lakini lugha hiihii inayajua yote mawili. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963, ikapata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Katikati hapo ilikuwa na waziri mkuu na baraza lake la mawaziri, huku ulinzi na mambo ya nje yakibaki kwa Mwingereza. Ukishaielewa miezi ile sita, umeelewa tofauti ya kujitawala kwa ndani na kwa nje.

Vigezo vya dola navipitia mbio. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unavitaja vinne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Uanachama wa Umoja wa Mataifa haumo. Uswisi ilijiunga mwaka 2002, na ilikuwa dola kwa vizazi vingi kabla ya hapo. Tuendelee.

Kinachonikera ni usomaji wa nusu ukurasa. Maneno yale ya ibara ya 1 yalikwisha kuandikwa katika Azimio 1514 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 14 Desemba 1960, lile la kukomesha ukoloni. Yako aya ya pili. Shuka mpaka aya ya sita: jaribio lolote la kuvunja umoja wa taifa na mipaka ya nchi, iwe sehemu au nzima, linapingana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Azimio ni moja, kura ni ileile: 89 ziliunga mkono, 9 zilijizuia, hakuna iliyopinga. Nchi zilizokuwa zikitoka ukoloni zilitaka mkoloni aondoke bila nyumba kugawanywa vyumba. Ndiyo maana mwaka 1964 wakuu wa Afrika waliokutana Cairo waliahidi kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Mwaka 1986, katika kesi ya mpaka kati ya Burkina Faso na Mali, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikiri waziwazi kwamba kanuni hiyo, kwa mtazamo wa kwanza, inagongana na haki ya watu kujiamulia. Hata hivyo iliishikilia mipaka. Hukumu hiyo naiheshimu kwa kuusema mgongano wenyewe, jambo ambalo vitabu vingi vya kufundishia hulizunguka.

Kisha hutajwa Kosovo, iliyojitangazia uhuru kutoka Serbia. Tafadhali, someni swali kabla ya jibu. Mahakama iliulizwa kama tangazo la uhuru la Februari 2008 linaafikiana na sheria ya kimataifa. Mwaka 2010, kwa kura 10 dhidi ya 4, ilisema tangazo halikukiuka sheria hiyo. Haikusema Kosovo ni dola, wala kwamba ilikuwa na haki ya kujitenga. Ilisema haikuulizwa hayo. Kutokatazwa kusema neno hakukupi haki ya kudai kwamba wengine walitekeleze.

Kura ya maoni nayo haiumbi dola. Wakurdi wa Iraki walipiga kura Septemba 2017, zaidi ya asilimia 92 wakataka uhuru. Iraki ikabaki moja. Bougainville, visiwa vilivyo chini ya Papua New Guinea, ilipiga mwaka 2019, zaidi ya asilimia 97 wakasema ndiyo, lakini makubaliano yao na Papua New Guinea yanalipa bunge la nchi hiyo neno la mwisho. Sudan Kusini ilifaulu mwaka 2011 kwa kuwa Khartoum ilikuwa imetia saini tangu 2005 kwamba kura hiyo ingepigwa na matokeo yake kuheshimiwa.

Sasa sehemu ambayo mimi mwenyewe hainipi usingizi mtulivu. Azimio 2625 la Baraza Kuu, la 1970, linailinda mipaka ya dola lenye serikali inayowakilisha watu wote bila kubagua rangi wala imani. Je, lisilowawakilisha? Wapo wanaosema hapo kujitenga huwa tiba ya mwisho. Mahakama ya Juu ya Kanada iliigusa hoja hiyo mwaka 1998 katika shauri la kujitenga kwa jimbo la Quebec, ikasema haijawa wazi kama sheria imefika huko, na kwamba vyovyote iwavyo Quebec haikuwa imenyimwa nafasi serikalini. Na "watu" hasa ni nani? Mikataba yote miwili ya 1966, ule wa haki za kiraia na pacha wake wa haki za kiuchumi, inawapa haki bila kuwafafanua.

Yule mshiriki alipokwisha kunisikiliza aliniuliza kuhusu Bangladesh. Chama cha Pakistan ya Mashariki, ndiyo Bangladesh ya leo, kilishinda uchaguzi wa 1970, bunge halikuitishwa, na Machi 1971 jeshi likawashukia raia. Kufikia Desemba, baada ya India kuingia vitani, Dhaka ilikuwa imekombolewa. Mwaka 1974 Pakistan yenyewe iliitambua Bangladesh. Nilimwambia ukweli: naamini watu wale walikuwa na haki, lakini siwezi kumwonyesha hukumu inayosema hivyo, na sijui kama leo tungeiita haki iwapo vita vile vingeshindwa. Akaikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mfukoni.