Mmiliki wa kikoa ni nani?

Mfanyabiashara anayetafuta kampuni ya kumtengenezea tovuti huuliza bei, kisha huomba kuona kazi zilizopita. Ni sawa. Lakini kuna swali ambalo wengi hulisahau, nalo lina uzito kuliko rangi na picha: kikoa kitasajiliwa kwa jina la nani?

Kikoa, au domeni kama mafundi wengi wanavyokiita, ni ile anwani anayoandika mteja ili akufikie, yaani jina la biashara yako likifuatiwa na .co.tz, .co.ke au .com. Tovuti yenyewe ni kitu kingine: ni maandishi, picha na programu zinazokaa kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta inayowaka mtandaoni muda wote. Kikoa kazi yake ni kumwelekeza mtu kwenye seva hiyo. Ukihama seva, anwani inabaki ileile. Ukipoteza kikoa, tovuti inaweza kuwa nzima lakini hakuna anayeifikia, na barua pepe za ofisi zinazotumia jina hilo nazo zinakatika.

Kikoa hakinunuliwi mara moja kikaisha. Unakisajili kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha unakihuisha. Majina ya .tz na ya .ke yana taasisi zake zinazoyasimamia (ya .ke ni KeNIC), na mteja huyapata kupitia wasajili, yaani kampuni zilizoidhinishwa kuyauza. Kwenye usajili huwa kuna nafasi ya mwenye kikoa, ya msimamizi na ya mtu wa ufundi. Jina la kampuni ya tovuti likikaa kwenye nafasi ya ufundi, hakuna ubaya. Likikaa kwenye ya mwenye kikoa, umemlipa fundi akujengee nyumba, halafu hati ya kiwanja ikatoka kwa jina lake.

Mara nyingi si wizi. Mteja hana kadi ya kulipia mtandaoni, kampuni ina haraka, basi inasajili vikoa vya wateja wote kwenye akaunti yake moja kwa barua pepe yake yenyewe. Mambo yanakwenda vizuri mpaka kampuni ifungwe, au kijana aliyekuwa anashughulikia aache kazi, na ujumbe wa kukumbusha malipo uwe unaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kwa .com, kikoa kilichofutwa baada ya muda kuisha huingia kwenye siku 30 za ukombozi, ambapo aliyekuwa nacho anaweza kukirudisha kwa ada iliyo kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita hizo, siku 5 baadaye jina linaachiwa na yeyote anaweza kulichukua. Wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina ya namna hiyo.

Unaweza kutafuta taarifa za kikoa kwa huduma ya mtandaoni ya kuangalia usajili (inayojulikana sana kwa jina la WHOIS), lakini tangu 2018 majina ya wamiliki wengi wa .com yamefichwa kwa sababu za faragha. Uhakika ni kuwa na akaunti yako kwa msajili, na nywila mkononi mwako. Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ile inayotumia kikoa chenyewe: kikoa kikizimika, ujumbe wa kukuarifu hautakufikia.

Hali ni hiyohiyo kwenye kutangaza biashara mtandaoni. Wasifu wa biashara kwenye Google, ukurasa wa Facebook na akaunti ya matangazo ya kulipia vifunguliwe na wewe, kisha kampuni iongezwe kama meneja. Huduma hizi zinaruhusu hilo bila kumpa mtu nywila yako. Kampuni inayosisitiza kila kitu kikae kwenye akaunti yake, mimi ningeiuliza maswali mengi kabla ya kutoa malipo ya awali. (Anayekuahidi nafasi ya kwanza kwenye Google naye muulize. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuihakikisha.)

Kwenye mkataba, sentensi chache zinatosha: kikoa kiwe kwa jina la biashara, na mkiachana ukabidhiwe msimbo wa kukihamisha, mafaili ya tovuti na nakala ya hifadhidata. Kama tayari kiko kwa jina la kampuni, omba kibadilishwe sasa, wakati bado mnaelewana. Ukiambiwa .com mpya haihamishiki kabla ya siku 60, ni kweli kwa kawaida, lakini hiyo ni kuhama kutoka msajili mmoja kwenda mwingine. Kukihamishia kwenye akaunti yako kwa msajili huyohuyo ni jambo jingine, na mara nyingi linawezekana bila kusubiri.