Mkurugenzi wa Huduma za Afya ya Akili Si Lazima Awe Daktari

Kila inapotangazwa nafasi ya ukurugenzi katika huduma za umma za afya ya akili, hoja ileile hurejea: kwamba mwombaji fulani hafai kwa sababu si daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Anayeitoa huitoa kwa utulivu, kana kwamba anasoma kifungu cha katiba, na hakuna mjumbe wa jopo anayemtaka alete ushahidi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nimepitia wodi za kulaza, timu za jamii na hatimaye ofisi za uendeshaji, na nimekaa kwenye majopo ya usaili kiasi cha kutosha kuona imani hiyo ikiwatoa watu wazuri na kuwapitisha wengine ambao sifa yao kuu ilikuwa cheti. Hoja hii imenichosha kuijibu kwa mdomo, kwa hiyo leo naijibu kwa maandishi.

Historia nitaipitia haraka. Si kweli kwamba taasisi za wagonjwa wa akili zimeongozwa na madaktari tangu mwanzo. Kule Bicêtre, Paris, mwishoni mwa karne ya 18, aliyesimamia wagonjwa alikuwa Jean-Baptiste Pussin, mtengenezaji ngozi aliyewahi kuwa mgonjwa katika hospitali hiyohiyo. Ndiye aliyewaondolea wagonjwa minyororo mwaka 1797, ingawa sifa zilimwendea daktari Philippe Pinel, ambaye mwenyewe alikiri kujifunza mengi kwake. Kituo cha wagonjwa wa akili cha Retreat mjini York, Uingereza, kilifunguliwa mwaka 1796 kwa juhudi za William Tuke, mfanyabiashara wa chai. Utawala wa madaktari uliimarika baadaye, katika karne ya 19. Mwaka 1844 madaktari wasimamizi 13 wa hospitali za Marekani walikutana Philadelphia na kuunda chama ambacho ndicho kilichokuja kuwa Chama cha Madaktari wa Akili cha nchi hiyo. Daktari msimamizi wa enzi hiyo alitawala kila kitu: alipima wagonjwa, aliajiri wahudumu, alisimamia jiko, dobi na shamba, na mara nyingi aliishi ndani ya uzio uleule. Hapakuwa na haja ya kutenganisha mamlaka ya tiba na mamlaka ya uendeshaji, kwa kuwa yote yaliishia kwenye meza moja. Hospitali za namna hiyo zimefungwa au kupunguzwa katika nchi nyingi, lakini picha ya daktari mwenye funguo zote imebaki vichwani mwa watu.

Hapo ndipo ilipo kero yangu, na naomba msomaji anivumilie nikikaa hapa kwa muda. Watu huchanganya uwajibikaji wa kitabibu na uongozi wa huduma. Uwajibikaji wa kitabibu ni kutambua ugonjwa, kuandika dawa, kuamua kama mtu alazwe bila ridhaa yake na lini aruhusiwe. Una jina la mtu chini yake, na sheria inamtambua mtu huyo. Mkurugenzi hafanyi hata moja kati ya hayo. Wiki yake huliwa na bajeti, upungufu wa watumishi, malalamiko ya familia, uchunguzi wa vifo vya wagonjwa, mazungumzo na polisi, mahakama na mamlaka za makazi, na ubishi usiokwisha na watu wa fedha, katika dunia ambayo, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, afya ya akili hupata takriban asilimia 2 tu ya bajeti za afya za serikali. Nionyesheni ni muhula gani wa mafunzo ya ubingwa unaofundisha hayo.

Hujibiwa kwamba bila udaktari mkurugenzi hataelewa hatari ya kitabibu. Ndiyo maana huduma huwa na mkuu wa tiba, ambaye lazima awe daktari, awe na kiti katika menejimenti, awe na bajeti, na awe na haki ya kusimamisha uamuzi unaohatarisha wagonjwa. Nikiona huduma ambayo mkuu wa tiba huitwa kwenye kikao baada ya uamuzi kupita, nalaani kwa sauti. Lakini dawa ya kosa hilo ni kumpa mkuu wa tiba nguvu zake, na kumfanya daktari kuwa mkurugenzi hakulitibu. Tena hata ule uwajibikaji wa kitabibu wenyewe haujafungiwa udaktari kila mahali. Katika England na Wales, marekebisho ya mwaka 2007 ya sheria ya afya ya akili ya 1983 yaliruhusu muuguzi, mwanasaikolojia, ofisa ustawi wa jamii au mtaalamu wa tiba kazi aliyeidhinishwa kuwa mwajibikaji mkuu wa mgonjwa aliyelazwa kwa nguvu ya sheria. Kama sheria inaweza kumwamini muuguzi kwa uhuru wa mgonjwa, nashindwa kuelewa kwa nini jopo lishindwe kumwamini kwa ratiba ya manunuzi.

Kisha huletwa utafiti. Wanaomaanisha utafiti wowote humaanisha ule wa Amanda Goodall wa mwaka 2011, uliokuta kwamba miongoni mwa hospitali bora za Marekani, zile zilizoongozwa na madaktari zilikuwa na alama za juu zaidi za ubora. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini iliangalia saratani, magonjwa ya mfumo wa chakula na ya moyo. Afya ya akili haikuwamo. Vilevile ilionyesha uhusiano, haikuonyesha chanzo: huenda daktari huiboresha hospitali, huenda hospitali iliyokwisha kuwa bora ndiyo inayomvutia daktari. Maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba anayeijua kazi ya msingi ya taasisi huiongoza vizuri zaidi, nayakubali. Basi tuulize kazi ya msingi ya huduma ya afya ya akili hufanywa na nani. Kundi kubwa kuliko yote la watumishi wa sekta hii duniani ni wauguzi, kwa hiyo hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho inaniangukia mimi. Sitaifuata, lakini nimefurahi kuitaja.

Wale wa upande wa pili, wanaosema kwamba meneja ni meneja popote, wasishangilie bado. Mwaka 1983 Roy Griffiths, kiongozi kutoka kampuni ya maduka makubwa ya Sainsbury's, aliishauri serikali ya Uingereza iweke mameneja wa jumla katika hospitali, na wazo hilo likasambaa mbali. Halikuwa wazo la kipumbavu, kwa kuwa kabla yake ilikuwa vigumu kumpata mtu wa kuulizwa. Ila mtu wa fedha asiyewahi kukaa zamu ya usiku huona kitanda kitupu kuwa hasara, ilhali wodi ya dharura isiyo na kitanda kitupu ni wodi ambayo mgonjwa wa saa nane usiku atalala mahabusu. Akifunga kituo cha mchana anaandika akiba, na gharama inahamia kwa polisi na kwa ndugu, ambako yeye haioni kwenye jedwali lake.

Kila taaluma ina upofu wake, wa kwetu ukiwemo. Sisi wauguzi tunapenda wodi tulivu, na tumetetea kufunga wagonjwa kamba na kuwatenga kwa kisingizio cha usalama wa watumishi muda mrefu kuliko inavyostahili. Madaktari huongeza kliniki hata pale tatizo ni nyumba. Maofisa ustawi wa jamii huona haki na makazi mapema kuliko wote, lakini nimewahi kumweleza mmoja wao mara kwa mara kwamba vipimo vya damu vya anayetumia klozapini, dawa ya skizofrenia inayoweza kushusha chembe nyeupe za damu, haviahirishwi kwa sababu gari halina mafuta. Wanasaikolojia huhesabu foleni ya tiba ya mazungumzo na kumsahau mgonjwa aliye hoi kiasi cha kushindwa kuja kupanga foleni. Waliowahi kuwa wagonjwa, kama Clifford Beers aliyeanzisha kamati ya kitaifa ya usafi wa akili, kama afya ya akili ilivyoitwa wakati ule, nchini Marekani mwaka 1909, huona tusiyoyaona wote; siku hizi wanapewa viti, ila bajeti hubaki kwa wengine.

Sasa mashaka yangu. Hatuna kipimo cha kuaminika cha kumlinganisha mkurugenzi na mkurugenzi. Vifo vya kujiua, katika huduma moja, ni vichache kitakwimu kiasi kwamba idadi hupanda na kushuka bila sababu ya kiuongozi. Kulazwa upya hutegemea vitanda na makazi. Na rekodi za kuwafunga wagonjwa hupungua pia pale watumishi wanapojua kwamba bosi hapendi kuziona. Jambo la pili linanisumbua zaidi: baadhi ya madaktari bingwa humsikiliza daktari mwenzao tu, na mkurugenzi asiye daktari humzunguka wakaenda moja kwa moja kwa bodi au wizarani. Ni utovu wa nidhamu, lakini ni halisi, na yapo mazingira ambamo kwa sababu hiyo peke yake ningemchagua daktari. Ningefanya hivyo nikijua gharama yake, kwa maana penye daktari wa akili asiyefika hata mmoja kwa watu 100,000, kumhamishia kwenye vikao vya zabuni ni kuwanyima wagonjwa.

Mtu atanitajia Franco Basaglia wa Italia kama mfano wa daktari aliyeongoza vizuri. Ndiyo, alikuwa daktari wa akili, na kazi aliyoianza Trieste mwaka 1971 iliizaa sheria ya Italia ya mwaka 1978 ya kufunga hospitali za aina ya zamani. Lakini Trieste alikuwepo pia Michele Zanetti, mwanasiasa aliyeongoza jimbo, ambaye alimkaribisha na kumkingia kifua; na Basaglia alifanikiwa kwa kwenda kinyume cha mazoea ya taaluma yake mwenyewe.

Ndiyo maana katika usaili huuliza mwombaji anitajie uamuzi alioufanya ambao wenzake wa taaluma waliupinga, na uliishaje. Asiyekuwa na hata mmoja simpi alama za juu, awe daktari, muuguzi au mhasibu. Na kwa wanaoandaa matangazo ya kazi: andikeni sifa za mkurugenzi na za mkuu wa tiba katika matangazo mawili, na mkuu wa tiba muwekeeni fungu lake la bajeti kabla hamjaanza kumtafuta.