Ukishamwajiri, Mpe Kazi

Tangu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 ianze kuzungumziwa maofisini, simu ninazopokea kutoka kampuni za Nairobi zinafanana: "Tunatafuta watu wenye ulemavu, unaweza kutuunganisha?" Sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee angalau asilimia 5 ya nafasi, na nafurahi kwamba hesabu hiyo sasa inawakosesha wakubwa usingizi. Lakini mimi huuliza kwanza: kazi gani? Mara nyingi anayepiga hunyamaza.

Katika ushauri ninaowapa waajiri, ninalokutana nalo sana ni mtu aliyeajiriwa, akapewa kitambulisho na meza, kisha akakosa la kufanya. Wenzake wanamhurumia. Meneja anaogopa kumsahihisha. Wakati wa tathmini ukifika hakuna cha kupima, kwa hiyo hapati mafunzo wala cheo. Kwangu huo ni ubaguzi, hata ukifanywa kwa upole, na unaumiza kwa sababu mwenyewe huishia kuamini kwamba hawezi.

Kaa naye chini wiki ya kwanza, mkaipitie kazi hatua kwa hatua: unaifanyaje, unakwama wapi, nini kingekusaidia? Yeye ndiye anayejua. Mhasibu asiyeona hahitaji mwenzake wa kumsomea ripoti. Anahitaji programu ya kusomea skrini kwa sauti, na mojawapo, NVDA, hutolewa bure. Kinachomkwamisha ni PDF iliyoskaniwa, au memo iliyopigwa picha ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu programu haioni maandishi mle. Tuma maandishi yenyewe. Haigharimu hata shilingi.

Kuhusu mfanyakazi kiziwi, waajiri hukimbilia kusema, "Tutamwandikia." Hapo huwa sikubali upesi. Kwa viziwi wengi waliokulia katika Lugha ya Ishara ya Kenya, Kiingereza cha kuandika ni lugha ya pili yenye sarufi tofauti kabisa. Ujumbe mfupi unatosha kwa shughuli ndogo ndogo. Kikao cha nidhamu, mkutano wa bajeti au mafunzo ya usalama vinahitaji mkalimani aliyeagizwa mapema na kutumiwa ajenda. Mwenzake anayejua ishara mbili tatu si mkalimani. Na king'ora cha moto kiwe na taa inayomulika, hata chooni, ambako hakuna wa kumgusa bega.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, rampu na choo kipana angalau vinakumbukwa. Barabara husahaulika. Anayetoka Githurai kwenda Upper Hill asubuhi anashindania matatu na umati unaokimbia, na kuna makondakta wasiosimama wakiona kiti, au wanaokitoza nauli yake. Mruhusu aingie na kutoka nje ya saa za msongamano, au afanyie kazi nyumbani siku kadhaa, akili yake ifike kazini haijachoka.

Idara ya mishahara nayo isisahau: aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupata cheti cha msamaha kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi.

Kuna pia ulemavu usioonekana. Mwenye kifafa au ugonjwa wa akili huenda asitake kusajiliwa, akihofia maneno ya korido, na kampuni inayosaka asilimia 5 hushawishika kumbana ajitaje. Usimbane. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Zikae kwa afisa mmoja wa rasilimali watu, na meneja aambiwe tu linalohusu kazi: huyu asipangiwe zamu ya usiku, yule apewe mapumziko mafupi kila baada ya saa mbili. Jina la ugonjwa halimhusu.