Moshi ni uleule, hewa ndiyo imebadilika

Majira ya baridi na ukavu yakiingia, malalamiko ya moshi mnayotuletea huongezeka. Wengi huandika kwamba kuna kiwanda kipya kinachotoa moshi usiku kwa siri. Mara nyingi hakipo. Moshi ni uleule wa magari, majiko na taka zinazochomwa. Kilichobadilika ni hewa inayoubeba.

Mchana ardhi ikipata joto, hewa iliyo karibu nayo hupanda na moshi wake, pengine hata zaidi ya kilomita 1. Usiku wa baridi usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoa haraka, hewa baridi hulala chini na yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa jioni na wa alfajiri hubaki humo hadi jua likolee. London, Desemba 1952, hali hiyo ilidumu siku 5 huku makaa ya mawe yakiendelea kuchomwa majumbani na viwandani. Vifo vilikadiriwa awali kuwa takriban 4,000; makadirio ya baadaye yalifika 12,000.

Mvua husaidia, ila si kwa kiasi kinachodhaniwa. Matone hunasa vumbi kubwa, lakini chembe nyingi zilizo chini ya mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita) huponyoka, nazo ndizo zinazopenya ndani kabisa ya mapafu. Na jamani, anga la buluu si cheti cha hewa safi! Ozoni ya karibu na ardhi, gesi inayodhuru mapafu, haitoki kwenye bomba lolote. Huzaliwa jua kali linapochochea oksidi za nitrojeni (gesi za moshi wa injini) na mvuke wa mafuta, kwa hiyo hupanda alasiri za joto, tena anga likiwa halina mawingu.

Kuhusu picha za vipimo vya hewa mnazotutumia: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka kikomo cha PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5, kwenye mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na 5 kwa mwaka. Hizo ni wastani. Namba ya saa 12 asubuhi peke yake hailinganishwi nazo, na vifaa vingi vya bei nafuu huzidisha kipimo kukiwa na unyevu mwingi, kwa kuwa chembe hunyonya maji na kuvimba.

Anayelalamika aandike tarehe, saa, mahali, upepo ulikotoka na kama kulikuwa na ukungu. Afisa hulinganisha kwanza na rekodi za hali ya hewa, ndipo akakague chanzo. Mhusika hupewa nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Baada ya hapo, kwa kadiri sheria ya eneo inavyoruhusu, hufuata onyo, amri ya kurekebisha, faini, na kwa mkaidi, kusimamishwa shughuli. Kujitetea kwamba upepo haukuvuma hakumsaidii aliyechoma taka: jioni tulivu ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwasha moto. Lalamiko lisilotaja saa hurudishwa kwa mwandishi likamilishwe.