Wiski: Maneno ya Lebo Yanayowachanganya Wengi

"Single malt ni wiski ya pipa moja." Hii ndiyo dhana potofu iliyoenea kuliko zote, na kosa ni la neno lenyewe. Umoja unaotajwa pale ni wa kiwanda. Single malt ya Scotland hukenekwa katika kiwanda kimoja kwa kimea cha shayiri pekee, kisha mapipa mengi, hata ya miaka tofauti, huchanganywa kabla ya kutiwa chupani. Ya pipa moja kweli huandikwa "single cask". Nayo "blended" haijachakachuliwa: ni wiski za kimea zilizounganishwa na wiski ya nafaka nyingine, mfano ngano au mahindi. Kuzioanisha zipatane ni ustadi, na binafsi naona wanaoidharau hawajaionja kwa utulivu.

Wengine hutunza chupa kabatini ili "izidi kukomaa". Bure. Wiski hukomaa ndani ya mbao. Kioo hakiiongezei kitu. Hata ile namba ya miaka ya kwenye lebo, tuseme 12, ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo. Ukitia kidogo ya miaka 5 kwenye ya miaka 20, Scotland haikuruhusu kuandika zaidi ya 5. Rangi nayo isikudanganye, kwani sheria ya huko inaruhusu karameli ya kukolezea.

Je, bourbon, wiski ya Marekani, lazima itoke jimbo la Kentucky? Hapana, popote Marekani panatosha. Kinachodaiwa ni nafaka yenye mahindi angalau asilimia 51, na chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Upya huo ndio unaoipa harufu nzito ya vanila. Mapipa yakishatumika, mengi huvushwa hadi Scotland, ambako wiski hulazwa humo miaka isiyopungua 3.

Na si kila Scotch, yaani wiski ya Scotland, ina ladha ya moshi. Moshi huingia pale kimea kinapokaushwa kwa moto wa udongo wa mabwawani wenye mimea iliyooza. Islay ndicho kisiwa kinachosifika kwa hilo, lakini hukohuko kiwanda cha Bunnahabhain hutengeneza zaidi wiski isiyo na moshi.

Kuhusu dai kwamba maji huiharibu wiski: wachanganyaji wa viwandani huizimua kwa maji hadi kilevi kifike karibu asilimia 20, ndipo wainuse.