Ghorofa peke yake haiufufui mji: dhana zinazotupoteza, kuanzia Mbeya hadi Njombe

Stendi ikihamishiwa pembezoni au soko likiungua, katikati ya mji hupoa. Ushauri wa kuufufua haukosekani, ila mwingi unatokana na dhana ambazo ukizichunguza hazisimami.

"Tupate kwanza jengo kubwa, watu watarudi wenyewe."

Hii ndiyo inayokula fedha kuliko zote. Soko la Mwanjelwa, Mbeya, liliteketea mwaka 2006, na ujenzi wa jipya ukachukua miaka. Biashara haikukaa kusubiri. Wauzaji walijipanga kwingine, na wateja wakazoea huko. Mteja wa nyanya hafuati ramani ya mhandisi, hufuata njia anayopita akishuka kwenye daladala. Jengo lina faida yake, lakini haliwezi kumbadilishia njia.

Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani William H. Whyte aliweka kamera kwenye viwanja vya wazi vya kupumzikia vya New York ili aone kwa nini baadhi vinajaa na vingine viko vitupu. Aligundua kwamba watu hukaa palipo na pa kukaa, kwamba chakula huwavuta, na kwamba kinachowavuta watu zaidi ni watu wenzao. Mama lishe yeyote wa Mafinga angemweleza hayo bila kamera.

"Vijiwe ni vya wavivu, viondolewe."

Pale penye drafti, kahawa na kashata ndipo mgeni anapoulizia njia, fundi anapopata kazi na dereva wa bajaji anaposubiri abiria. Kijiwe ni uwanja ambao wenyeji wameshaujenga bila bajeti. Anayetaka kufufua mtaa aanzie hapo: aongeze kivuli, taa na choo safi. Choo hasa. Mama mwenye mtoto mgongoni hatakaa mjini kwa saa tatu kama hakuna pa kujisaidia, na asipokaa hanunui. Aangalie pia nani hayupo kijiweni, maana vingi vimejaa wanaume watupu.

"Machinga ndio wanaoua mji."

Njia ya waenda kwa miguu ikizibwa, ni kweli kuna tatizo. Mwaka 2021 machinga walihamishwa katika miji mingi nchini, na barabara zikapitika. Lakini kupanga si sawa na kufukuza. Ukimpeleka muuza mahindi ya kuchoma mahali ambapo hakuna anayepita, umemnyima riziki, na kona aliyoiacha hubaki giza jioni. Mistari ya rangi chini, yenye upana uliokubaliwa na wauzaji wenyewe, ni rahisi kuliko mgambo wa kila siku.

"Tuige bustani ya mji fulani."

Nyanda za Juu Kusini hazina hali ya hewa moja. Tukuyu mvua hainyeshi kwa adabu, kwa hiyo benchi lisilo na paa ni pambo tu. Njombe baridi ya Juni na Julai inauma, na watu hutafuta ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Iringa, jua la mchana wa kiangazi linadai kivuli cha mti. Mchoro mmoja kwa miji yote mitatu utashindwa katika miwili, kama si yote.

"Majengo ya zamani ni uchafu wa mkoloni."

Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani, likatumika kwa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho na kituo cha utamaduni. Historia yake ni chungu. Ndiyo maana ni afadhali isimuliwe humo humo, na wenyeji.

"Hii ni kazi ya halmashauri," au kinyume chake, "tufanye wenyewe, hatuhitaji mtu."

Zote mbili hukwamisha. Mitaa ya mji iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na barabara kuu chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ukiweka kibanda kwenye hifadhi ya barabara bila kibali, kitapigwa X nyekundu ya kubomolewa. Hoja ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa au kitongoji, ipate muhtasari, ndipo iende kwa mtendaji wa kata. Jaribuni Jumamosi moja kwanza: fungeni kipande kifupi cha mtaa kwa kibali, wekeni viti vya kuazima, mhesabu waliokuja na mauzo ya wauzaji. Hesabu hiyo ina nguvu mbele ya baraza la madiwani kuliko barua ya kurasa kumi. Na kabla benchi la kwanza halijanunuliwa, iandikwe nani atafagia, nani atashika ufunguo wa choo, na luku ya taa italipwa na nani.